TAHADHARI: Reli za baraza za "mninga" zinazouzwa kwa mita Moshi na Arusha

Ndugu zangu mnaojenga Moshi na Arusha, someni hii kabla hamjatuma advansi. Wapo wauzaji wanaotangaza mitandaoni reli za mbao za baraza, nguzo na vijiti vya kukereza (balusta), "mninga orijino, tunakuja kufunga wenyewe", bei kwa mita. Windo lao hasa ni wenye nyumba walioko Dar au nje ya nchi, wanaotaka baraza la Machame au Marangu liwe tayari kabla ya Krismasi. Mteja hayupo, anatumiwa picha, analipa asilimia 70. Kinachofungwa ni paini au grevilea mbichi iliyopakwa rangi, vijiti ni pungufu, na kazi yote ni ya misumari. Siku ya kukabidhiwa inang'aa kweli. Jua la Januari na Februari likishapiga, vijiti vinaanza kucheza.

Mninga tunaouziwa huku unatoka misitu ya miombo ya mbali, kama Tabora, Katavi na Ruvuma. Mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Meru yanatoa paini na saipresi. Kwa hiyo anayekuuzia mninga kwa bei inayokaribiana na saipresi, muulize mbao kanunua wapi na akuonyeshe risiti. Mfanyabiashara halali wa mbao hizo anakuwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na karakana iliyonunua kwake haishindwi kuonyesha karatasi.

Kuinua kijiti mkononi hakutakusaidia, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Kijiti cha sentimita 5 kwa 5, urefu sentimita 80, kikishakerezwa kinabaki na ujazo wa kama lita 1.3. Cha mninga mkavu kitakuwa na uzito wa kama gramu 800. Cha paini kavu hakifiki gramu 650. Lakini paini mbichi, yenye maji bado, inaweza kuvuka kilo moja. Yaani mbao mbovu kwa kazi hiyo ndiyo inayoonekana nzito na "ya maana", na muuzaji anakwambia, "Mama, ishike mwenyewe uone uzito wa mninga."

Fanya hivi: geuza kijiti, chukua kisu kikali, kwangua kitakoni ambako hakutaonekana. Ingia milimita 2 au 3. Rangi ya kupakwa inakaa juu. Chini yake utakuta weupe kama ndani ya muhogo. Moyo wa mninga una rangi ya kahawia, wenye michirizi inayoelekea wekundu, na rangi hiyo haibadiliki hata ukikata kijiti katikati. Kuna ujanja wa kujitetea hapa: muuzaji atakwambia weupe huo ni nje ya gogo la mninga. Ni kweli mninga una sehemu ya nje nyeupe-njano, lakini sehemu hiyo hushambuliwa na wadudu watobozi na haifai kwenye reli. Kwa vyovyote vile, kijiti hicho kikatae.

Unyevu nao unapimika bila mashine. Omba kipande cha sentimita 10 kilichokatwa kwenye mbao ileile, kutoka katikati ya ubao, maana ncha hukauka kwanza. Kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi uzito uache kushuka, kisha pima tena. Kama kilikuwa gramu 140 kikawa 100, maji yaliyotoka ni gramu 40; ukigawa kwa uzito mkavu wa 100, unyevu ni asilimia 40. Kwa baraza lenye paa usipokee mbao yenye zaidi ya asilimia 15. Sababu ni hii: ulimi wa kijiti (ncha nyembamba inayoingia kwenye tundu la reli) wenye kipenyo cha milimita 25 ukiingizwa tunduni ukiwa mbichi, ukikauka unaweza kupungua kama milimita 1, na haupungui sawasawa, unakuwa kama yai. Gundi inaachia. Utashika kijiti kwa vidole viwili na kitazunguka.

Saipresi au paini yenyewe haina kosa. Ikikaushwa, ikatiwa dawa na kuuzwa kwa jina lake na bei yake, inafaa kabisa.

Sasa idadi. Bei kwa mita inaficha vijiti. Kipimo cha usalama ni kwamba mpira wenye kipenyo cha sentimita 10 usipite kati ya kijiti na kijiti. Kanuni za Uingereza na Marekani zote zinasimama hapo, kwa sababu ya watoto. Mwili wa mtoto mdogo hupita pale ambapo kichwa hukwama. Chukua nafasi ya sentimita 180 kati ya nguzo na nguzo, vijiti vya sentimita 5. Ukiweka 12, vyenyewe vinachukua 60, zinabaki 120, ukigawa kwa nafasi 13 unapata sentimita 9.2. Hapo ni salama. Ukiweka 11, nafasi inakuwa 10.4, umeshavuka. Hawa wanaweka 8, na nafasi inafika sentimita 15.6. Baraza lenye nafasi tatu za namna hiyo linahitaji vijiti 36. Wao wanaleta 24 na kuchukua pesa ya "mita" zilezile. Andika idadi ya vijiti kwenye makubaliano, usiandike mita peke yake.

Kazi ya kufunga ina mpangilio wake, na fundi anayeijua hakimbilii vijiti. Nguzo ndizo zinasimama kwanza, kwa timazi na pima maji, juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye zege kwa boliti, ili mbao isiguse sakafu. Nguzo iliyochimbiwa ndani ya zege inashika maji kitakoni, na huko ndiko inakoozea na mchwa wanakoingilia. Kisha kila nafasi inapimwa peke yake, juu na chini, maana nguzo hazilingani hata kama ramani inasema zinalingana. Reli ya juu na ya chini zinalazwa pamoja ubavu kwa ubavu na kuwekwa alama kwa mara moja, ndipo vijiti vitasimama wima. Zinatobolewa, zinajaribiwa bila gundi, halafu zinaunganishwa zikiwa zimelala chini, kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Gundi nyeupe ya kawaida ni ya samani za ndani. Kabla ya kuunganisha, ncha zote, isipokuwa pale gundi inaposhika, zinapakwa dawa na vanishi, kwa sababu ncha hunywa maji haraka kuliko ubavu.

Reli ya chini iinuke sentimita 5 hadi 8 kutoka sakafuni, na mgongo wake uwe na mteremko kidogo. Wauzaji hawa wanauacha bapa. Maji ya masika yanalala kwenye matundu ya vijiti. Skrubu ziwe za mabati, maana chuma cha kawaida kinaacha machozi meusi kwenye mbao.

Wao hufanyaje? Wanakuja na reli mbili, wanazibana kati ya nguzo, wanachomeka vijiti bila ulimi na kupiga msumari wa mshazari. Kichwa cha msumari kinafunikwa kwa unga wa mbao na gundi, msasa kidogo, vanishi juu. Ukiangalia kwa karibu kwenye shingo ya kijiti utaona kidoa cha mviringo kisichofuata mistari ya mbao. Kuna kidoa kama hicho kwenye kila kijiti, pembe ileile.

Malipo: usivuke asilimia 30 kabla vijiti havijakaguliwa karakanani vikiwa vitupu, bila rangi. Anayekataa usivione bila rangi ameshakujibu. Kama uko mbali, tuma mtu mwenye kisu na futi kamba, siyo wa kupiga picha tu. Sehemu ya pili ilipwe nguzo zikishasimama, na ya mwisho baada ya mtu mzima kuegemea reli ya juu katikati ya kila nafasi kwa nguvu zake zote na kuzungusha kila kijiti. Lipa kwa namba ya biashara, dai risiti ya EFD, na makubaliano yataje aina ya mbao, idadi ya vijiti, na kimo cha reli, kisipungue sentimita 90.

Kama umeshafungiwa na vijiti vinacheza, usikubali muuzaji aje kujaza puti. Puti inaziba ushahidi na haishiki chochote. Piga picha futi kamba ikiwa kati ya vijiti, ng'oa kimoja chenye msumari ukihifadhi pamoja na kipande ulichokwangua, na upeleke pamoja na ujumbe wake wa simu ulioandikwa "mninga" polisi au Mahakama ya Mwanzo. Na kama kuna mtoto nyumbani, funga wavu kwa ndani ya reli leo, usisubiri kesi.