Siku mbili za kupiga kambi kando ya lambo la maji ya kunywa, Nachingwea

Mwishoni mwa Julai, wakati usiku wa huku kusini una baridi ya kumfanya mtu atafute shuka la pili, tulitoka Masasi familia nzima tukaenda kupiga kambi kando ya lambo la kijiji kimoja wilayani Nachingwea. Sisi wa mjini tumezoea maji ya Mbwinji yanayotufikia kwa bomba, lakini kijiji hiki hunywa maji ya lambo hilo, na kila utaratibu wa kambi unaanzia hapo.

Vijana waliotupokea walitutoza shilingi 15,000 kwa hema kwa usiku mmoja, wakatueleza masharti kabla hatujashusha mizigo: hakuna kuogelea, hakuna kufua wala kuosha vyombo ukingoni, na hema husimikwa nje ya mita 60 kutoka kwenye maji, umbali uleule unaotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wanangu walinuna. Niliwaeleza kwamba kichocho bado kipo katika mikoa yetu, kwamba mkojo wa mgonjwa mmoja ukiingia kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea huweza kuwaletea maradhi watu wengi, na kwamba vimelea hivyo hupenya ngozi ya yeyote aingiaye majini, hata kama hakunywa tone.

Furaha ilipatikana kwingine. Tulivua perege kwa ndoana tukiwa juu ya tuta, na alfajiri tulimtazama mdiria akijitupa majini huku akina mama wakiteka maji. Kitinda mimba wangu alimwamkia bibi mmoja, naye baada ya kuitikia marahaba akamwambia, "Mjukuu wangu, huu ndio mtungi wetu." Tangu hapo hakuna mtoto aliyeomba tena kuogelea.

Kasoro iliyonisumbua ni choo cha shimo cha wageni. Kiko mbali na maji kwa hatua nyingi, lakini kimechimbwa upande wa juu wa mteremko, na mvua zikianza mwezi Desemba maji ya juu yote hushukia lamboni. Niliwaomba vijana wakihamishie upande wa chini wa tuta, wakaahidi kulifikisha suala hilo kwa jumuiya ya watumia maji.

Huduma yao naipendekeza kwa dhati. Nitarudi Oktoba, na kabla ya kusimika hema nitakwenda kwanza kukitazama choo hicho.