Kubadili lugha ya kompyuta: Windows 11 au Ubuntu?

Kama unataka tu kubadili lugha ya menyu bila kuhangaika mi naona Windows 11 iko poa zaidi, cheki tu kama Kiswahili kipo kwenye orodha yake ya lugha za menyu, unaingia mipangilio unaongeza lugha, inashuka kwa intaneti, unatoka kwenye akaunti unarudi, basi. Hata mtindo wa tarehe unaweza kuubadili peke yake. Ila cheki kwanza toleo la Windows uliyo nayo, lile la Home Single Language (la lugha moja tu) halikuruhusu kubadili lugha ya menyu kabisa, na inauma sana kwa mtu aliyenunua laptop yenye lugha asiyoielewa. Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, haina kizuizi hicho na ni bure, lakini tafsiri ya Kiswahili ina mapengo mengi, na fomati (mtindo wa tarehe, namba na pesa) unachukua zote pamoja za nchi moja, mfano Tanzania. Mi bado nachagua Ubuntu, sipendi kufungiwa lugha.