Grisi ya krasha na mashine ya bloku: ipi ianze kununuliwa, Nakuru hadi Kisumu

Mnunuzi wa kiwanda cha kokoto au bloku huuliza bei ya ndoo, kisha rangi ya grisi. Rangi haimwambii lolote, maana kila mtengenezaji hutia aitakayo. Omba karatasi ya maelezo ya bidhaa usome mambo matatu: aina ya sabuni (kinachoyashika mafuta yawe grisi), mnato wa mafuta ya msingi kwa nyuzi 40 za Selsiasi (kwa sentistoki), na ugumu wa NLGI (namba ikiwa kubwa, grisi ni ngumu zaidi). Muuzaji asiye na karatasi hiyo, mpite.

Ya kwanza: lithiamu kompleksi, EP (yenye viungo vya kuhimili mzigo mzito), NLGI 2, mnato 320 hadi 460. Hii ndiyo ya beringi kuu za krasha ya taya, mashine ya kuponda mawe. Shafti yake huzunguka polepole, takriban mara 300 kwa dakika, huku ikigongwa na mzigo mzito, na mafuta mepesi hubanwa yakatoka kati ya rola na njia yake. Kipimo cha kuongeza kila mara ni kipenyo cha nje cha beringi mara upana wake, kwa milimita, mara 0.005, jibu ni gramu. Beringi ya namba 22320 ina kipenyo 215 na upana 73, kwa hiyo gramu 78. Pima bomba lako la grisi kwenye mizani: msukumo mmoja hutoa gramu ngapi? Bila hivyo, "sukuma mara kumi" ni kubahatisha.

Ya pili: kalsiamu salfoneti. Ni ghali zaidi, lakini maji hayaiondoi kirahisi na huzuia kutu. Penye mchanga unaooshwa, au mtambo usio na paa Kisumu msimu wa masika, ipande iwe ya kwanza. Vivyo hivyo kwenye vumbi la chokaa, kama kule Koru: likikutana na unyevu hugeuka uji unaokwaruza sili.

Ya tatu: lithiamu ya kawaida yenye moli (molibdenamu disalfaidi) asilimia 3. Ni ya pini na bushi za shoveli ya kupakia mawe, basi. Usiitie kwenye beringi ziendazo kasi.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Vaibreta ya mashine ya bloku huweza kuzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Fundi akiijaza ile grisi ya 460 ya krasha, rola huikoroga badala ya kuteleza juu yake, beringi inapata moto, mafuta yanajitenga na sabuni, kinachobaki ni ganda jeusi. Kisha, kwa kuwa ina moto, anaongeza grisi, na joto linapanda tena. Vaibreta inataka mnato 100 hadi 150, NLGI 2, nayo nafasi tupu ya nyumba ya beringi ijazwe theluthi hadi nusu, isizidi. Ikipita nyuzi 90, simamisha mashine. Weka bomba mbili zenye rangi tofauti, moja ya krasha na moja ya vaibreta, hata kama mafundi watanung'unika.

Ya nne: bentonaiti, yenye udongo badala ya sabuni. Haiyeyuki, hivyo inafaa kwenye drayaa ya mchanga. Ila usiichanganye na lithiamu. Mchanganyiko hulegea ukachuruzika nje. Ukibadilisha, fungua beringi uioshe kwanza.

Ya mwisho: kalsiamu ya kawaida, ile ya bei ya chini madukani. Ikipita takriban nyuzi 60, maji yanayoshikilia umbo lake huanza kutoka, nayo husambaratika. Ifae magurudumu ya toroli na bawaba za geti.

Kuhusu oili, kwa ufupi. Giaboksi ya mkanda wa kokoto: VG (daraja la mnato) 220 au 320, kulingana na bamba la mtengenezaji. Mikisa yenye gia ya bronzi isipewe gia oili ya magari ya GL-5, maana salfa yake inaweza kuila bronzi hiyo joto likipanda. Oili ya haidroli: VG 46 huko Nakuru ambako asubuhi ni baridi, 68 Kisumu, isipokuwa kitabu cha mashine kikiagiza tofauti. Oili chafu ya kupaka fomu? Huacha madoa kwenye bloku na plasta haishiki vizuri. Nunua mafuta ya fomu.

Kiasi cha kununua: krasha yenye beringi nne za 22320, ikitiwa grisi mara moja kwa wiki, hula gramu 312 kila wiki, yaani kama kilo 1.35 kwa mwezi. Ndoo ya kilo 18 itakaa miezi 13. Dramu ya kilo 180 itakaa miaka 11, na hata matumizi yakiongezeka mara mbili kwa sababu ya vumbi, ni miaka 5 na nusu ya mtaji uliolala chini ya kifuniko kinachofunguliwa kila wiki. Dramu ni ya kiwanda chenye mitambo mingi tu. Kwa vaibreta, katriji za gramu 400 zinatosha, na hazipati vumbi.

Kabla ya kulipa, angalia kama sili ya ndoo haijafunguliwa, kisha tuma SM#namba ya kibali cha KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) kwenda 20023. Jibu likirudi na jina la bidhaa nyingine, rudisha ndoo.