Nilidai elfu 75 kwa mahakama ya madai madogo

Nawapa nyota nne kwa tano, ile moja nimetoa mtaona kwa nini.

Mimi ni fundi wa mbao. Nilimtengenezea mama mmoja kabati za jikoni za 115,000, akanipa dipositi elfu 40, nikamaliza nikafunga mpaka vishikio, kutoka hapo simu yangu ikawa haishikwi. Miezi saba! Wakili niliyemuuliza alitaka elfu 30 kabla hata hajafungua faili, sasa hapo unadai ama unaongeza deni?

Jamaa wa saiba ndiye aliniambia kuna hii korti, bora deni lisipite milioni moja, na wakili si lazima. Ati zilianza Milimani, Nairobi, 2021 na mimi sijawahi kusikia. Tukajaza fomu kwa kompyuta yake, sistimu ikakwama mara mbili tukamalizia kesho yake, ada nikalipa kwa simu. Kazi iko kwa kumpelekea karatasi za korti, ukikosa kuonyesha kwamba amezipokea huendi popote.

Siku yenyewe nilivaa suti ya bure tu. Ni chumba kidogo, hakimu anaongea Kiswahili, ananiita fundi. Mama akasema ati milango ya kabati imelegea. Akaulizwa, "Ulimwambia lini?" Kimya. Nikafungua WhatsApp nikasoma meseji yake mwenyewe: "Fundi kabati ziko safi sana, Ijumaa nakutumia." Hata karani alicheka. Meseji ya M-Pesa ya dipositi pia nilikuwa nimeprinti, kwa hivyo wewe usifute kitu kwa simu yako.

Sheria inawapa siku 60 tangu ufungue kesi mpaka hukumu, yangu ilimaliza 52, hapo heko kwao. Lakini usiwapelekee kesi ya shamba wala ya mshahara, hizo hawasikizi.

Sasa ile nyota. Unatoka na hukumu mkononi, pesa bado. Mama aliomba alipe polepole, akakubaliwa elfu 15 kila tarehe tano. Ya kwanza iliingia, ya pili ikachelewa siku tisa mpaka nikamtumia picha ya hukumu. Akigoma kabisa itabidi nirudi kuomba mali yake ikamatwe, na hiyo ni ada ingine na dalali juu yake. Na kabati zenyewe hata sizitaki, nilizipima za ile jikoni yake, haziingii kwingine.