Fielder ya kukodi, nati moja, na majina ya njia ya Pwani

Nianze na nati, maana bila nati hiyo nisingekuwa na la kuandika. Kwenye kila gurudumu la gari tulilokodi Februari, Toyota Fielder, nati zote zilikuwa za kawaida isipokuwa moja, ile ya kufuli: kichwa cha mviringo chenye mifereji, kisichoshikika kwa spana yoyote ila kwa ufunguo wake wenyewe. Wenye rimu za bei hapa Nairobi huzifunga ili wakiamka asubuhi wakute gari bado limesimama kwa magurudumu, si kwa mawe. Ulinzi mzuri, mpaka siku upate pancha kwenye barabara ya Mombasa, kilomita 90 hivi kutoka mjini, ufunguo huuoni, na kibao kilicho mbele yako kimeandikwa SALAMA.

Kampuni sitaitaja. Dipositi yangu nilirudishiwa, sehemu yake, na vita sivitaki. Ila wewe unayepanga kukodi gari Nairobi uteremke nalo Pwani, soma kwanza.

Bei ilikuwa Sh4,500 kwa siku, siku sita, juu yake dipositi ya Sh10,000, zote kwa M-Pesa kabla hujashika funguo. Tangazo lilisema gari "liko kamili". Nililipokea saa kumi na moja alfajiri kwa kijana aliyekuwa na haraka kuliko mimi msafiri. Tulilizunguka mara moja kwa tochi ya simu, akanionyesha mkwaruzo wa mlango wa nyuma, nikatia sahihi. Spea ipo? Ipo. Na kweli ilikuwepo. Upepo ndio haukuwepo.

Tulikuwa wanne: mimi na mke wangu, dada yangu na mumewe. Shemeji ni Mkamba wa Kibwezi na tuligawana usukani. Tukapanda ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, inayotoka Westlands hadi Mlolongo, kilomita 27, huku msongamano wa chini ukiuona kama sinema. Halafu inakushusha Mlolongo. Yaani umelipa usipange foleni, unateremshwa mahali panapoitwa foleni. Jina lilitokana na malori yaliyokuwa yakijipanga kungoja mizani, na alfajiri ile trela zilikuwa zimejipanga vilevile, taa nyekundu nyuma ya taa nyekundu.

"Waliotoa jina hili hawakuwa na muda wa mashairi," akasema mke wangu. Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanzia. Kila kibao tukawa tunakisoma kama tangazo la biashara, kisha tunaangalia kama mahali penyewe panatimiza. Nairobi tuliifelisha tukiwa bado hatujaitoka: ni maji baridi kwa Kimaasai, na mtaani kwetu bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki, baridi au moto hatuchagui.

Salama ikafeli saa moja asubuhi. Tairi ya nyuma kushoto ilianza kupiga pwata-pwata, nikaegesha, tukashusha mizigo yote ya buti kwenye nyasi zenye umande, pamoja na kikapu cha chapati ambacho dada hakukubali kiguse chini. Jeki ipo, spana ipo. Nati za kawaida zikalegea moja baada ya nyingine, ile ya kufuli ikatutazama tu. Nikapiga simu ofisini, na hapa nawapa alama zao: walipokea haraka. "Ufunguo uko ndani ya gari," akasema dada wa upande wa pili. Ndani wapi? "Ndani." Tukapekua droo ya mbele, chini ya viti, chini ya zulia la buti. Tukaokota kalamu mbili na pete ya mtu.

Aliyetuokoa ni fundi wa pancha aliyeletwa na bodaboda. Nilimtazama kwa karibu. Alichagua soketi kuukuu, ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati, akaipigilia kwa nyundo mpaka chuma kikauma chuma, akachomeka mpini, akaupanda kwa mguu mmoja huku amejishikilia paa la gari kama makanga mlangoni. Ilitoa mlio wa kukera meno, kisha ikazunguka. Nati ilikufa papo hapo, na rimu ikapata alama ya urefu wa kidole. Spea akaenda nayo kibandani kuijaza upepo, akarudi nayo, akaifunga. Sh1,500 kila kitu, na swali la bure: "Hayo magurudumu mengine matatu yakipata pancha, mtayafunguaje?" Hatukuwa na jibu. Kilomita zote zilizobaki nilikwepa mashimo kama mtu aliyebeba mayai.

Baada ya hapo majina yalianza kujitetea. Sultan Hamud ni sultani wa Zanzibar aliyetawala 1896 hadi 1902. Yeye hayupo, vitunguu viko tele. Simba hatukuona simba, Kiboko hatukuona kiboko, nikataka kuwanyima alama. Shemeji akagoma. Jina ni kumbukumbu ya siku lilipotolewa, akasema, wanyama ndio waliohama. Alikuwa akitetea kwao, lakini nilimkubalia.

Makindu ni mikindu, na mikindu mnaikuta. Msisimame hapo kwa sababu ya miti, simameni kwa sababu ya hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926, linalolisha wasafiri bila malipo. Mnavua viatu, mnafunika kichwa kwa kitambaa, mnapewa sahani. Dengu, wali, chapati, chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza dini yako wala umetoka wapi. Sanduku la sadaka lipo, ukitaka. Mezani kwetu palikuwa na dereva wa trela aliyekula kimya kama yuko kwa mamake, akaosha mikono, akaondoka. Baada ya asubuhi ya nati, nilikula sahani mbili.

Mtito Andei ilikuwa zamu ya shemeji kujigamba: msitu wa ndei, yaani wa tai wala mizoga. Tsavo nayo kwa Kikamba ni machinjo. Na mwaka 1898, reli ilipofika mtoni pale, madume mawili ya simba yasiyo na manyoya ya shingo yaliwala wajenzi kwa miezi mingi. Leo yamesimama ndani ya jumba la makumbusho Chicago. Kwa hiyo msafiri anayejua Kikamba anaonywa mara mbili: kuna wala mizoga, halafu kuna mizoga. Sisi wengine tunapita tukiuliza choo kiko wapi.

Manyani ndipo jina lilipotimia bila ubishi. Dume moja la nyani lilikuwa limekalia chuma cha kando ya barabara, linachambua ganda la ndizi kwa utulivu wa karani, na familia yake nzima imejipanga nyuma. Tukapandisha vioo. Kisha mke wangu akakumbusha kwamba hapohapo ndipo serikali ya mkoloni ilipowafungia maelfu ya watu katika kambi, wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950. Mchezo ukanyamaza mpaka Voi.

Mackinnon Road ni mji unaojiita barabara. Maji ya Chumvi nilitaka kushuka nionje, nikakataliwa kwa kura tatu. Kufikia hapo Kikamba cha shemeji kilikuwa kimeisha, na mimi niliyekuwa nikimtegemea nikagundua kwamba sasa naelewa mwenyewe. Ni kama mtu amebadilisha lugha ya vibao. Mswahili haangaiki: anachukua kitu kinachoonekana, anabandika -ni mwishoni, kazi imekwisha. Kengeleni, baada ya daraja la Nyali, pana kengele kweli, ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Mnarani, karibu na daraja la Kilifi, pana magofu ya msikiti na kaburi lenye mnara. Ngomeni, Shimoni, hivyohivyo. Hata barabara mpya inayokupeleka Diani bila kungoja feri ya Likoni inaitwa Dongo Kundu, na udongo wake ni mwekundu. Kusini hatukwenda safari hii, nasema tu.

Ninalolipenda zaidi ni Shimo la Tewa. Nairobi tunalijua kama jina la gereza, na shemeji maisha yake yote alidhani ni mahali mtu anapotegwa. Tewa ni samaki, anakaa kwenye mashimo ya miamba. Kwa maneno mengine, kuna mvuvi wa zamani aliyeweka alama pale alipopata kitoweo, na sisi tumeigeuza tishio.

Tulilala Mtwapa, asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, tukavuka daraja la Kilifi (lilichukua nafasi ya feri 1991, na wauza korosho bado wapo), tukafika Watamu mchana. Kuhusu gari, hapa sina lawama. Kiyoyozi kiligandisha mpaka dada akajifunga leso. Injini haikukohoa hata kidogo. Mafuta ya safari nzima, kwenda na kurudi na mizunguko, yalikula Sh16,000 na ushee. Tatizo ni kwamba gari liko chini, na njia ya kwenda ufukweni ni mchanga mweupe kama unga wa ngano. Lilikwama mara moja, vijana wakalisukuma, mchanga ukaingia kila pembe. Shika hilo neno mchanga.

Watamu uende maji yakiwa yametoka. Februari ni kaskazi, bahari imetulia na mwani si mwingi. Unatembea kwa miguu mpaka kwenye vile visiwa vidogo vya matumbawe vilivyoliwa chini na mawimbi vikabaki kama uyoga, na kwenye vidimbwi utaona visamaki vya samawati vikikimbia kivuli chako. Mzee mmoja mwenye madafu kwenye baiskeli alituambia, "Wanangu, saa nane muwe mmerudi. Maji yakijaa hayabishi hodi." Shemeji akamuuliza kama ni kweli jina la hapa ni watu watamu, kama watu wanavyosimulia. Mzee akafyeka dafu, akampa. "Onja hili kwanza. Watu baadaye."

Gede tuliingia kwa saa mbili tu, na ni dhambi. Mji wa mawe ndani ya msitu, misikiti, visima, vyoo vya karne ambazo hatukufundishwa shuleni, tangu 2024 ukiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Utengee asubuhi nzima, usifanye kama sisi.

Kurudi hakukuwa na hadithi. Ila tulipokaribia Salama, shemeji akatoa mkono nje ya dirisha akaonyesha nyasi za kando ya barabara, akatangaza kama utingo: "Natini! Wa Natini washuke!" Sasa ndilo jina lake. Dada akisafiri kwenda Kibwezi hutuma ujumbe: nimepita Natini.

Ukikodi, fanya hivi mchana, si alfajiri kama mimi: bonyeza spea kwa kidole gumba, angalia kila gurudumu kama lina nati ya kufuli, na usitie sahihi mpaka ufunguo wake uwe mkononi mwako. Piga picha za rimu zote nne. Magari yao ni mazuri, na ningeyakodi tena kwa masharti hayo. Nyota tatu.

Tulipolirudisha, kijana yuleyule alifungua kifuniko kidogo cha pembeni mwa buti, ukutani kabisa, nyuma ya taa, akatoa soksi kuukuu ya mtoto. Ndani ya soksi, ufunguo wa nati. "Si tuliwaambia uko ndani," akasema, na wala hakuwa anatania.

Risiti ya makato ilikuja kwa simu jioni hiyo. Hakuna aliyeandika "gharama za usafi" wala "uharibifu wa kifaa". Mchanga, Sh2,000. Nati, Sh1,500. Rimu, Sh2,000. Sh4,500 zilizobaki ziliingia siku ya tisa.