Prokon kwa mwanafunzi wa uhandisi ujenzi: moduli ya bimu ni karani, ya nguzo ni mwalimu

Prokon ni programu kutoka Afrika Kusini inayojulikana sana kwenye ofisi za wahandisi wa miundo huku kwetu. Ina moduli nyingi, lakini hapa tunapima mbili tu: ya bimu zenye spani zaidi ya moja, na ya nguzo za mstatili. Zote zimewekwa kwenye BS 8110 ya 1997, kanuni ya Uingereza ya kusanifu miundo ya zege. Waingereza wenyewe waliiondoa kanuni hiyo mwaka 2010, ila bado ndiyo iliyojaa kwenye madaftari ya darasani.

Moduli ya nguzo inafundisha. Ya bimu inapokea ulichoandika, inapiga hesabu na kukukabidhi jibu bila kuuliza swali, kama karani. Kwa mhandisi mzoefu hilo si tatizo. Kwa mwanafunzi ndipo shida inapoanzia, kwa sababu makosa ya kwenye bimu hayatoi onyo lolote. Mchoro unatoka safi, nondo zimepangwa, na kila kitu kinaonekana sawa.

Tuipime kwa bimu ndogo ambayo unaweza kuikagua kwa kikokotoo. Spani mbili za mita 5 kila moja, upana milimita 230, kimo 450, nguvu ya zege (fcu) 25 na nguvu ya nondo (fy) 460, zote kwa N/mm². Slabu inaleta mzigo wa kudumu wa kN 14 kwa mita, na mzigo wa matumizi ni kN 8 kwa mita. Uzito wa bimu yenyewe ni 0.23 × 0.45 × 24, yaani kN 2.48 kwa mita. Jumla ya mzigo wa usanifu ni 1.4 × 16.48 + 1.6 × 8 = kN 35.88 kwa mita. Spani zote mbili zikibeba mzigo kamili, momenti (nguvu ya kupinda) juu ya nguzo ya katikati ni wL²/8, w ikiwa mzigo huo na L urefu wa spani, yaani kNm 112.1. Nguvu ya kukata hapo ni 5wL/8, nayo ni kN 112.1. Namba zimefanana kwa sababu tu spani ni mita 5, usianze kutafuta siri.

Mtego wa kwanza ni uzito wa bimu. Ukishajaza msongamano wa zege, 24, programu inaongeza uzito huo yenyewe. Wewe ukiwa tayari umeuweka ndani ya mzigo wa kudumu kama ulivyozoea kwenye karatasi, umeuhesabu mara mbili, na momenti ya katikati inakuja kNm 123 badala ya 112. Kosa hili halimuui mtu, linakula nondo tu. Ukitaka kubaki na hesabu yako ya mkono, msongamano uandike 0.

Mtego wa pili unakwenda upande wa hatari. Kisanduku cha kava hakiulizi kava ya saiti, yaani unene wa zege linalofunika chuma, ambao fundi anauwekea biskuti chini ya nondo. Kinauliza umbali kutoka uso wa zege hadi katikati ya nondo. Kwa kava ya 30, ringi (chuma kinachozunguka nondo) ya 8 na nondo ya 16, jibu ni 30 + 8 + 8 = 46. Ukiandika 30, programu inaamini kina d, kutoka uso wa zege unaominywa hadi katikati ya nondo, ni 420 wakati ni 404. Kwenye bimu yetu eneo la nondo za juu linashuka kutoka milimita za mraba 754 hadi 713. Tofauti ni ndogo hapa kwa kuwa bimu ina kimo. Kwenye bimu ya kimo cha 250 milimita hizo hizo 16 ni sehemu kubwa zaidi ya d, na nondo zinazopungua ni nyingi zaidi.

Wa tatu ndio mbaya kuliko wote, na haupo kwenye momenti bali kwenye ringi. Kuna kisanduku cha fyv, nguvu ya chuma cha ringi. Ukiacha 460 humo huku ringi zitakazofungwa ni R8 za chuma laini cha 250, angalia kinachotokea. Mkazo wa kukata ni 112,100 ÷ (230 × 404) = 1.21 N/mm². Zege na nondo nne za 16 zinabeba kama 0.60. Kilichobaki kibebwe na ringi: kwa chuma cha 250, nafasi ya R8 za miguu miwili inatoka milimita 171, kwa hiyo utafunga kila 150. Kwa 460, hesabu inaruhusu zaidi ya 300, mpaka kikomo cha 0.75d kinapoisimamisha kwenye 303. Programu itachora ringi kila milimita 300, na mchoro utakuwa sahihi kabisa kwa chuma ambacho hakipo saiti. Bimu hiyo itakuwa na nusu ya ringi inazohitaji, pale pale karibu na nguzo ambako nyufa za mshazari huanzia.

Sasa sifa yake. Mahali ambapo moduli ya bimu inampiku mwanafunzi wazi wazi ni kwenye kupanga mizigo. Wengi hupakia spani zote mzigo kamili, wanapata momenti ya katikati ya spani kNm 63, wanaendelea. Kanuni inataka pia spani moja ibebe mzigo kamili na jirani yake abaki na 1.0Gk, yaani mzigo wa kudumu usiozidishwa, peke yake. Hapo momenti juu ya egemeo inashuka hadi 81.8, lakini ndani ya spani inapanda hadi kNm 75, karibu asilimia 19 zaidi. Programu inazungusha mipangilio hiyo bila kuambiwa na kuchora bahasha ya momenti, yaani mchoro mmoja wa momenti kubwa kuliko zote za mipangilio hiyo. Bahasha hiyo ichapishe uibandike ukutani. Inaeleza kuliko ubao mzima kwa nini nondo za chini haziamuliwi na mpangilio ule ule unaoamua nondo za juu.

Kabla hujasema imekosea, angalia vitu viwili. Cha kwanza ni asilimia ya kugawa upya momenti. Kama kuna 20 kwenye kisanduku hicho, 112.1 inakuwa 89.7, na jibu lako la mkono halitafanana hata ukirudia mara kumi. Swali lisiposema kitu, weka 0. Cha pili ni toleo la kanuni. Madaftari mengine yana 0.87fy ya mwaka 1985, mengine 0.95fy ya 1997. Kwenye bimu yetu, 0.87fy inadai milimita za mraba 823, na 0.95fy inadai 754. Nondo nne za Y16 (chuma cha nguvu ya juu, kipenyo milimita 16) ni 804: zinatosha kwa toleo moja na kupungua kwa jingine. Muulize mwalimu anasahihisha kwa lipi, kisha uandike juu ya karatasi.

Upungufu mkubwa wa moduli hii ni kwamba hatua hazionekani. Unapata michoro ya momenti, nguvu za kukata, mchepuko na eneo la nondo, lakini K (kipimo cha momenti), z (mkono wa nguvu) na mlinganyo wa As (eneo la nondo) hutaviona vimepangwa mstari kwa mstari kama mtihani unavyotaka. Anayejifunzia hapa peke yake ataingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na majibu bila njia.

Moduli ya nguzo ni kitu kingine kabisa. Karatasi yake ya hesabu inaanza kwa kueleza utaratibu: inaunda chati za usanifu, inatafuta mhimili na momenti inayotawala, inasoma eneo la nondo, inarudia kwa kila hali ya mzigo, halafu inakuambia ipi imeshinda. Kwenye urefu fanisi inaandika hali ya ncha ya juu na ya chini, inasema kama nguzo imezuiwa isiyumbe, inataja β (kizidishi cha urefu) na jedwali ilikotoka. Mwanafunzi akiisoma karatasi hiyo na kanuni ikiwa wazi pembeni, kurasa nne zinampa zaidi ya mhadhara wa saa mbili.

Lakini nayo ina mlango wa nyuma. Bimu inapokea mizigo isiyozidishwa, kwa sababu 1.4 na 1.6 zina visanduku vyake. Nguzo inataka mizigo iliyokwisha kuzidishwa. Ukitoka dirisha moja kwenda jingine bila kubadilisha kichwa, unaharibu. Chukua nguzo ya katikati ya bimu yetu, 230 kwa 230, ikibeba sakafu nne za namna hiyo. Kila sakafu inaleta kN 224 iliyozidishwa, jumla 897 bila kuhesabu uzito wa nguzo. Isiyozidishwa ni 153 kwa sakafu, jumla 612. Tumia mlinganyo wa nguzo fupi wa toleo la 1985, 0.4fcuAc + 0.75Asc fy, Ac ikiwa eneo la zege na Asc eneo la nondo. Zege peke yake linabeba kN 529. Kwa 612 unahitaji nondo za milimita za mraba 248, na Y12 nne zinatosha. Kwa 897 unahitaji 1,099, yaani Y20 nne. Anayeona Y12 nne chini ya sakafu nne kwenye nguzo ya 230 na asishtuke, bado hajaiva.

Pili, kubofya kitufe cha kuzuiwa au kutozuiwa. Nguzo hiyo ikiwa na urefu wazi wa mita 3.0, na ncha zote mbili hali ya 2 ya jedwali hilo, β iliyozuiwa ni 0.85: urefu fanisi mita 2.55, uwiano wake na upana wa nguzo 11.1, chini ya 15, nguzo fupi. Ukisema haijazuiwa, β ni 1.5, urefu fanisi mita 4.5, uwiano 19.6 na kikomo ni 10. Imekuwa nguzo nyembamba, na inaongezewa momenti. Mwegamo wa ziada ni 19.6² ÷ 2000 × 230, kama milimita 44. Ukizidisha kwa kN 897, K (hapa ni kipunguzi cha mwegamo, si K ya bimu) ikiwa 1, unapata kNm 39 na ushee, dhidi ya momenti ya chini kabisa ya kNm 10.3 inayotokana na mwegamo wa 0.05h. Kwa hiyo jibu la swali moja, kama jengo lina kuta za zege za lifti au ngazi zinazolizuia lisiyumbe, linabadilisha momenti mara nne. Programu hailijui jengo lako. Na urefu wanaouita Lo ni ule wazi, kutoka uso wa sakafu hadi chini ya bimu, wala si wa katikati hadi katikati.

Nguzo isiyo ya mraba inadai uangalifu mwingine. Kwenye 230 kwa 450, momenti ikiwekwa kwenye mhimili usio wake, kina kinachofanya kazi ni 184 badala ya 404. Tazama mchoro mdogo pembeni mwa skrini kabla ya kujaza jedwali; umewekwa kwa ajili hiyo.

Anayehamia Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya zege, ndani ya programu hiyo hiyo akumbuke kwamba 25 haibaki 25. BS 8110 inasoma nguvu ya mchemraba, Eurocode inasoma ya silinda. Zege la C25/30 ni 25 kwa silinda na 30 kwa mchemraba. Vizidishi navyo vinakuwa 1.35 na 1.5.

Kwenye michoro, Padds, sehemu ya Prokon ya kuchorea, inachukua matokeo na kukutengenezea mchoro wa nondo na jedwali la kukata na kukunja. Inaokoa muda kweli. Ila usichapishe kilivyo, na bimu yetu inaonyesha sababu. Bimu na nguzo zote zina upana wa 230 na kava ya 30, ringi za 8. Nondo ya pembeni ya nguzo inakaa kati ya milimita 38 na 58 kutoka usoni. Nondo ya pembeni ya bimu inataka kukaa kati ya 38 na 54. Zinagongana. Moduli ya bimu haizioni nondo za nguzo, wala ya nguzo haizioni za bimu, na fundi ndiye atakayeligundua akiwa na koleo mkononi. Nondo za juu za bimu lazima zipite ndani ya zile za nguzo, kwenye nafasi ya 230 − 2 × 58, milimita 114. Y16 nne zikipangwa humo zinaachiana milimita 17 tu, na kokoto ya 20 haipiti. Badilisha ziwe Y20 tatu: zinaachiana 27, zina milimita za mraba 942, na zinatosha kwa toleo lolote la kanuni ulilofundishwa.