Nimekula "Dosa Halisi ya Chennai" pale Mwanga, na nina maneno

Nianze na ukuta, maana ndio unaokupokea kabla ya muhudumu. Mgahawa huu mpya wa Mwanga, hapa Kigoma, umeandika kwa rangi nyekundu "Dosa Halisi ya Chennai", yaani chapati ya maji ya mchele ya kule Chennai, mji wa kusini mwa India, kisha ukuta mzima umechorwa Taj Mahal, nyeupe kama maziwa ya unga, na chini yake neno Namaste. Nilicheka peke yangu mlangoni. Taj Mahal iko Agra, kaskazini huko, karibu kilomita 2,000 kutoka Chennai. Treni yetu itoke Kigoma ifike Dar, igeuze, irudi mpaka ianze kuinusa Tabora, ndipo utakuwa umezimaliza hizo kilomita. Na Chennai hawasemi namaste. Wale ni Watamil, salamu yao ni vanakkam, na Kihindi hawataki kulazimishwa: mwaka 1965 jimbo zima lilichafuka kwa maandamano ya kukikataa. Kumkaribisha mtu "Chennai" kwa namaste ni sawa na kumpokea mgeni stesheni ya Kigoma kwa Kichaga.

Jina la mgahawa silitaji. Mwenyewe ni kijana anayehangaika na maisha, na wakazi wa Mwanga mtaujua kwa huo mchoro.

Mimi nauza dagaa Kibirizi. Chennai sikuijua kwenye filamu. Mwaka 2022 nilimsindikiza mdogo wangu kufanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo, nikakaa huko wiki kumi, Agosti mpaka Oktoba. Watanzania wanaokwenda kutibiwa kule ni wengi kiasi kwamba siku ya pili tu, kwenye foleni ya dawa, nilisikia mtu nyuma yangu akisema "shikamoo mama" nikageuka kama nimeitwa na nyumbani. Tulipanga chumba Saidapet, kwa bibi mmoja mjane tuliyemwita Amma, yaani mama, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, aliniita akka, dada mkubwa. Kwa hiyo ninapoandika habari ya dosa, mjue nimezila asubuhi sabini hivi, kwenye jiko la mwenye nazo.

Basi nikakaa. Nikaagiza dosa ya 3,500, idli tatu za 2,000 na kahawa ya jero. Nikaambiwa dakika kumi. Zikawa hamsini.

Kwenye meza yangu alikuja kijana wa bodaboda, naye anasubiri biriani. Akaangalia ukuta, akaniuliza, "Mama, Chennai ndiyo Bombei?"

"Hapana mwanangu. Bombei ni Mumbai, iko upande wa machweo. Chennai iko upande wa jua linakochomoza, kwenye Ghuba ya Bengal. Zamani ikiitwa Madras."

"Ahaa, Madras! Babu alikuwa anaitaja."

Babu hakukosea. Jina lilibadilishwa mwaka 1996 tu, na mpaka leo halijabanduka lote: mahakama kuu yao bado inaitwa ya Madras, na hata kile chuo chao kilichofungua tawi Zanzibar mwaka 2023 kinaitwa IIT Madras. Chennai ndio makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu. Nilimsimulia kijana yale niliyoyasikia tarehe 22 Agosti, siku ambayo wenyeji wanaiita Siku ya Madras. Binti wa Amma alinichukua tukatembee na kundi la wanafunzi ndani ya ngome ya Fort St. George, na kila tukisimama ananitafsiria. Tarehe hiyo, mwaka 1639, wafanyabiashara wa Kiingereza walipewa kipande cha ufukwe na mtawala wa pale. Mchanga mtupu, wala hapakuwa na bandari. Mizigo ilishushwa kwa mitumbwi ikipigana na mawimbi. Wakajenga ngome, ndani yake wakaweka kanisa la St. Mary's mwaka 1680, na bunge la jimbo linakaa humo humo ngomeni mpaka sasa. Wafaransa waliuteka mji mwaka 1746, wakaurudisha miaka mitatu baadaye, kama watu walioazimana sufuria.

Ila Amma hapendi ukimwambia mji ulianza na Waingereza. Anakuonyesha Mylapore, kwenye hekalu la Kapaleeshwarar na bwawa lake la ngazi, anasema hapa watu walikuwepo wanaswali na kuuza maua kabla Mwingereza hajajua kupanda mashua. Wareno nao walishafika jirani yake, San Thome, zaidi ya miaka mia kabla ya hiyo ngome. Kwa hiyo usimbishie Amma.

Kilichonisisimua mimi mtu wa Kigoma ni meli. Kwenye ukuta wa mahakama kuu kuna kibao cha kumbukumbu: usiku wa tarehe 22 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani, Emden, ilijitokeza baharini ikaupiga mji mizinga, matangi ya mafuta yakawaka, kisha ikapotelea gizani. Watu walikimbia mji. Mpaka leo kwa Kitamil mtu mjanja, jasiri, asiyeshikika, wanamwita "emden". Nikamwambia yule binti, na sisi tunayo ya kwetu ya vita ile ile: Wajerumani waliileta vipande vipande kwa treni, wakaiunga Kigoma, ikaingia ziwani mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isishikwe, Waingereza wakaiopoa, na tunaiita Liemba. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu. Akasema, "Basi nyie emden wenu mlimfuga." Nilipomsimulia yule bodaboda alicheka, akasema sentensi hiyo ataitumia kwa abiria.

Chakula kikaja.

Dosa ni kama chapati ya maji, ila haitengenezwi na ngano. Ni mchele na kunde fulani nyeusi zilizokobolewa, wenyewe wanaziita ulundu. Unaloweka, unasaga, unaacha usiku kucha uchachuke. Joto la Chennai linachachusha bila kuombwa. Asubuhi unamwaga kwenye kikaango, unasambaza kwa mgongo wa upawa mpaka iwe nyembamba, pembeni inakuwa kahawia na kukakamaa, katikati laini, na uchachu kidogo kama wa ndimu kwenye ulimi. Ya Mwanga ilikuwa nene, haina uchachu hata chembe, na ndani ilikuwa ya kijani kwa mbali. Nilimwita mpishi, ndiye mwenye mgahawa.

"Baba, hii umesaga choroko?"

"Ndiyo mama. Hizo nyingine sizipati hapa."

Sawa, hapo simlaumu sana, hata majirani wa Watamil, watu wa Andhra, wanayo dosa yao ya choroko na wanaiheshimu. Lakini iandike hivyo. Na uchachu hauuzwi dukani, ni kulala na subira. Aliniambia anasaga asubuhi na kukaanga mchana.

Halafu amekaangia mawese. Hapa nakiri moyo wangu uligawanyika. Chennai wanatumia mafuta ya ufuta, yana harufu yake hata kabla hayajapata moto. Mawese yameifanya dosa iwe na rangi ya machungwa na ladha ya nyumbani kwetu. Niliimaliza yote. Kama angeandika "Dosa ya Kigoma" ningempa nyota tano na kumtumia wateja. Ila ameandika "Halisi ya Chennai", na hilo neno "halisi" ndilo tunalogombania.

Idli, yale maandazi meupe ya mvuke, yalikuwa magumu ya kumrushia mwizi. Nikamkumbuka Amma mwingine, Jayalalithaa, waziri mkuu wa jimbo lile, ambaye watu walimwita Amma. Mwaka 2013 serikali yake ilifungua vibanda vya chakula vinavyoendeshwa na akina mama, idli moja kwa rupia moja, ambayo nilipokuwa kule ilikuwa kama shilingi 30 zetu. Nimekula humo mara nyingi hela zikikata, nikiwa foleni moja na wafagia barabara na madereva wa bajaji. Idli ya rupia moja ilikuwa laini kuliko hii.

Sambar sasa. Huu ndio mchuzi wa dosa, na hapa ndipo nataka mpishi anisikilize vizuri, maana viungo vyote anavyo mlangoni kwake. Msingi wake ni mbaazi zilizoparazwa. Mbaazi! Hizi hizi tunazowauzia wao. India ilipoweka ukomo wa kuziingiza mwaka 2017, wakulima wetu wa kusini walibaki nazo ghalani bei imeanguka. Unazichemsha mpaka zivurugike, unatia ukwaju, mvuje kidogo tu, na mwisho unamwagia mafuta ya moto yenye haradali iliyopasuka na majani ya mchuzi. Na ndani yake, mara nyingi, vipande vya maganda ya mlonge. Sisi Kigoma tunasaga majani ya mlonge kuwa dawa ya kila kitu, sukari, presha, mpaka mapenzi, na yale maganda marefu tunayaacha yakaukie mtini. Chennai wanagombania maganda sokoni. Unakitia kipande mdomoni, unakikamua kwa meno, nyama yake inatoka, nyuzi unazitema. Sambar ya Mwanga ilikuwa dengu na nyanya ya kopo. Haikuwa mbaya. Ilikuwa mboga ya dengu.

Chatne ya nazi, nzuri sana. Haina neno.

Walinipa sahani ya melamaini, uma na kijiko. Jamani, Kigoma hii, migomba imetuzunguka! Chennai chakula cha heshima kinawekwa kwenye jani la mgomba, unalinyunyizia maji, unalipangusa, unakula kwa mkono wa kulia, ukimaliza unalikunjia upande wako kuonyesha umeshiba kwa furaha. Hakuna kuosha vyombo. Mpishi aliandika hilo kwenye daftari, nikamwona.

Maji nilinunua chupa ya 1,000. Kule glasi ya maji inatangulia mezani kabla hujauliza bei ya chochote, na nilijua thamani yake kwa sababu ya nyumba ya Amma. Ukutani kwake kuna mstari wa matope juu ya kiuno changu, hapo ndipo mto Adyar ulipofika mafuriko ya Desemba 2015. Na chini ya mstari huo huo amepanga madumu ya plastiki ya rangi rangi, hajayaondoa tangu Juni 2019, mabwawa makuu manne ya mji yalipokauka na maji ya kunywa yakaletwa kwa treni. Miaka isiyofika minne, mafuriko na kiu. Mvua zao kubwa huja Oktoba mpaka Desemba, wakati sehemu nyingi za India zimeshamaliza za kwao, na zikikosea hesabu mji mzima unakosea.

Biriani ya bodaboda niliionja kijiko kimoja. Tuendelee.

Kahawa ilikuwa ya unga wa kopo, ya kukoroga. Hapa nilikasirika kweli, kwa sababu kahawa ya Kalinzi inapita mbele ya mgahawa huo kwenye malori. Kahawa ya Chennai inachujwa taratibu kwenye kichujio cha chuma, inachanganywa na maziwa ya moto na sukari, halafu inamiminwa kutoka kikombe kwenda kibakuli chake, juu chini, juu chini, mpaka itoe povu. Saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima wa Saidapet unasikia mlio huo. Na saa hiyo hiyo wanawake wamechuchumaa mlangoni, jasmini nywelini, wanachora kolam: maua ya mistari na nukta, kwa unga wa mchele unaodondoshwa kwa vidole. Jioni umeshaliwa. Amma alisema ndio maana yake, sisimizi na ndege nao wapate kifungua kinywa.

Nilimwambia mpishi, futa hiyo Taj Mahal, chora kolam mlangoni, unga wa mchele robo kilo unatosha mwezi. Au chora ufukwe wa Marina, watu wanauziwa njegere zilizochanganywa na nazi na embe bichi kwenye karatasi. Au bandari ya samaki ya Kasimedu, ambako mimi nilikwenda siku mdogo wangu alipotoka chumba cha uangalizi, kwa furaha tu, kwenda kuangalia samaki. Wanawake wa pale wanaanika dagaa wao, nethili, chini kama sisi, wanawafukuza kunguru kama sisi, na bei wanapandisha wakiona mgeni kama sisi. Nilionja mmoja. Chumvi mno, wa bahari yule. Wetu wa ziwa ni mtamu zaidi, na hili sisemi kwa sababu nauza.

Nilitoa nyota mbili siku ile, moja ya chatne na moja ya mawese. Jumamosi nikarudi na fungu la maganda ya mlonge niliyoyakata uani kwangu, nikamkuta amechachusha unga tangu usiku. Dosa ikatoka na uchachu wake. Sambar ikawa na mlonge, wateja wawili wakatafuna mpaka nyuzi, nikawaambia temeni. Kahawa bado ya kopo. Nimeongeza nyota moja, zimekuwa tatu.

Taj Mahal bado ipo, anasema rangi ni ghali. Lakini mlangoni amechora kolam, ua zuri tu, kwa chokaa. Kuku wawili wa jirani walikuja wakadonoa mara moja, wakatazamana, wakaondoka.